Mlango Aliofungiwa Israa

Ruqaiya aliporudi kutoka sokoni aliukuta mlango wake wazi. Haukuvunjwa. Kitasa kizima, na ufunguo alikuwa nao mwenyewe, kaufunga kwenye ncha ya leso. Hakikuibiwa kitu. Ila kitanda cha binti yake Israa, kilichokaa kimetandikwa tangu mtoto afe kwa homa, kilikuwa kimevurugika, na mto ulinuka kafuri ya maiti.

"Wezi," alisema mumewe, Kamaludin. Akamwita Mugambi, fundi wa milango kutoka bara aliyehamia mtaa wa Wiyoni.

Mugambi alikichokoa kitasa, akacheka kwa huzuni. "Mama, hivi vya dukani karibu vyote vinafanana. Ufunguo wa jirani unaweza kukufungulia. Na mwizi hata hahitaji ufunguo, kipande cha plastiki kinamtosha."

Akatia kitasa kizito cha chuma, na komeo kwa ndani.

Siku chache baadaye, adhuhuri, mtaa umelala kwa joto na Ruqaiya yuko peke yake, alisikia kitasa kipya kikilia taratibu, kisha akaliona komeo lile la ndani, ambalo mkono wa nje hauwezi kulifikia, likisogea lenyewe, likasita, likasogea tena, na harufu ya kafuri ikapenya chini ya mlango ikamjaa puani, na kabla hajapata pumzi ya kupiga ukelele akasikia sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe.

"Mama, ni mimi. Nifungulie."

Ruqaiya akalimalizia komeo kwa mkono wake.

Tangu hapo akawa anafungua kila adhuhuri. Alikonda, macho yakamwingia ndani. Siku moja Kamaludin alirudi mapema, akamkuta amelala kwenye kitanda cha mtoto, amekumbatia hewa, mikono imejaa alama za kucha.

"Ruqaiya, waongea na nani?" alinong'ona.

"Na mwanao. Usimwamshe."

Kamaludin akaenda kijiji cha Matondoni kumleta Bi Esha, mama anayesomea watu wenye majini. Bi Esha alifukiza ubani, akasoma, akamshika Ruqaiya mikono yote miwili.

"Huyo ni jini, kavaa sauti ya marehemu. Kufuli ni za kuzuia watu. Huyu ndia ya kuingilia umempa wewe, kwa matozi yako ya kumlilia mtoto. Mimi nitasoma, lakini wa kumfukuza ni wewe."

"Nikimfukuza, nitamsikia tena Israa?"

"La, mwanangu."

Adhuhuri ya pili yake walifunga kila kitu, wakangoja. Kafuri ikaja.

"Mama, nifungulie. Jua lanichoma."

Bi Esha akasoma kwa nguvu. Ruqaiya akausogelea mlango.

"Wewe si mwanangu," akasema. "Ondoka mlangoni kwangu."

Kisha kucha zikakwaruza ubao, chini, kwenye kimo cha mtoto.

"Mama, nimekosa nini?"

"Hukukosa, mwanangu, hukuko—" Bi Esha akamziba mdomo kwa kiganja, akaendelea kusoma, huku Kamaludin akilia amejifunika uso. Nje vikasikika vishindo vidogo vya miguu, vikishuka kichochoro kuelekea makaburini, polepole, kama vya mtoto anayetarajia kuitwa arudi.

Mlango haujafunguka wenyewe tena. Kamaludin sasa hulala usingizi, na Ruqaiya humtazama, akamchukia kwa usingizi huo.

Ikifika adhuhuri hukaa sakafuni, sikio kwenye ubao.

"Njoo ule," mumewe humwita.

"Naja," hujibu. Wala haji.