Mwendo wa Gari Lililosimama

Mshale wa spidi ulikuwa kwenye ishirini, na gari lenyewe lilikuwa limezimwa.

Arwa aligonga kioo cha dashibodi kwa ukucha. Mshale ukashuka taratibu, kama mtu aliyefumaniwa. Funguo alikuwa nazo mfukoni. Nje theluji ilikuwa imefunika mji wote wa Dearborn, na ndani ya gereji kulianza kunuka nywele zilizoungua.

"Umesikia harufu?" aliuliza Mutahhar, mtoto wa ami yake, aliyekuwa akifanya naye kazi.

"Nasikia njaa tu. Lete jeki."

Siku hiyo hakuwa na nafasi ya kuogopa. Juzi, katikati ya barabara kuu, gia zilikatika ghafla, gari likaishiwa nguvu, na lori la nyuma likawakosa chupuchupu huku mama yake ameng'ang'ania mlango kwa mikono miwili. Alikuwa akimpeleka hospitali kusafishwa figo, na leo mchana mama alitakiwa arudi huko. Mama hawezi kukwea gari refu la kuburuta mikweche la Ami Naji, na kwa theluji ile teksi ungeingoja mpaka ukauke. Gari lilikuwa hilo moja tu.

Ami Naji, mwenye gereji, alisimama mbali, kikombe chake cha chai ya maziwa mkononi. "Mwanangu, hili liache. Ijumaa tutamwita shekhe alisomee."

"Ami, figo za mama hazijui Ijumaa."

Akajitosa chini ya gari. Sensa ya spidi imekaa mkiani mwa giaboksi, imeshikwa na bolti moja, nayo ndiyo huliambia gari linakwenda mwendo gani; ikidanganya, gia huchanganyikiwa. Ndani yake mna sumaku na waya, na chuma kinapozunguka mbele yake, huzaa umeme kidogo. Hii ilikuwa ya mtumba. Mutahhar aliitoa wiki iliyopita kwenye yadi ya magari mabovu.

Arwa alichomoa plagi, akaunga mita ya kupimia umeme. Waya ulikuwa mzima. Akamrushia Mutahhar funguo. "Washa, tia gia. Polepole." Tairi za nyuma zikazunguka hewani, namba zikapanda. "Zima." Zikashuka. Sensa haikuwa na kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomkera.

Akafungua bolti, akaichomoa, akaishika mkononi. Hapo hakuna kinachozunguka, kwa hiyo mita ilipaswa kusoma sifuri. Ikasoma sifuri. Halafu namba ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, ikashuka, kwa mpigo wa mtu anayetembea bila haraka, na Arwa, aliyelala chali juu ya saruji ya baridi, akaelewa kwamba kuna kitu kinamzunguka, kinapita kichwani, kinapita ubavuni, kinapita miguuni, na kila mzunguko kinasogea karibu zaidi, maana kila mzunguko namba ilikuwa kubwa kuliko iliyotangulia.

"Mutahhar," alinong'ona, "gari ulilotoa hii lilikuwa la ajali?"

"Lilipinduka. Mwenyewe alifia ndani."

"Mlango uliuacha wazi?"

Kwa mafundi wa ukoo wao hilo halina mjadala: gari lililoua mtu hulitoi hata skrubu kabla ya kufungua mlango, na unauacha wazi mpaka umalize, ili aliyebaki ndani ajitokee zake.

"Upepo ulikuwa unaubamiza," alisema Mutahhar. "Nikaufunga. Usinitazame hivyo, Arwa."

"Toka huko chini, mwanangu," Ami Naji alisema kwa sauti ya chini. "Taratibu."

Alitoka, lakini sensa, bado imeungwa kwenye mita, hakuiachia. "Nataka kujua kimekaa wapi."

Akaanza kuipitisha. Kwenye boneti, sifuri. Kwenye usukani, sifuri. Kiti cha nyuma, sifuri. Alipoifikisha kwenye kiti cha abiria cha mbele, namba zikapanda, zikaganda. Hapo ndipo anapoketi mama. Mkanda ukajivuta wenyewe, ukapita juu ya kifua kisichoonekana, ukajifunga.

Ami Naji alianza Ayatul Kursi, akaikosea, akaanza tena. Arwa aliogopa, tena sana, lakini hasira ilikuwa imeshaipita hofu.

"Hapo pana mwenyewe," alisema. Akaufungua mkanda, akaketi. Akaketi juu yake, na baridi ikamwingia kwa chini kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, ikapita tumboni, ikapita kooni, na pumzi ya nywele zilizoungua ikamjia sikioni ikimwambia atoke, atoke, atoke, naye akakaza meno akasema, "Sitoki. Toka wewe."

Kukawa kimya. Harufu ikakatika. Mutahhar aliichukua sensa, akaipitisha gari zima. Sifuri kila mahali.

"Kimeondoka," alisema, akakimbilia dukani kuleta sensa mpya.

Arwa aliibeba ile ya zamani mpaka kwenye benchi, akawapa mgongo, akaielekeza kifuani mwake. Namba zikapanda, zikaganda. Hakumwambia mtu. Aliiponda kwa nyundo mpaka ikawa vumbi.

Mchana mama alipanda, akauliza kama gari limepona. "Limepona, mama." Na kweli, barabarani gia ziliingia laini, moja baada ya nyingine. Walipofika sambamba na lori, kitu kikajigeuza kifuani mwa Arwa, kikashuka kwenye mkono wake wa kulia, kikaanza kuuvuta usukani upande wa lori. Akaukaza mkono mpaka viungo vikalia, akasema maneno machache chini kwa chini, na gari likabaki kwenye mstari wake.

"Unasema na nani?" mama aliuliza.

"Na abiria aliyedandia," alisema Arwa, akakanyaga mafuta. "Namwambia dereva ni mimi."