Joëlle Hayupo Tena Google

Kubeba gauni jeupe la harusi katikati ya soko kubwa la Lubumbashi, vumbi la Juni likiruka, ni kutafuta balaa. Joëlle alilibeba kichwani, na mkia wake ungetua kwenye beseni la mawese kama kijana mmoja wa shati la bluu asingeudaka.

"Bibi arusi, bwana yako iko wapi?"

"Muchokozi wewe! Ni robe ya location, ya kukodisha. Niko na butiki ku Bel-Air."

"Basi hii moja usitoe ku location. Utaniwekea."

Kijana aliitwa Guelor, fundi wa tovuti. Kufikia Noeli walikuwa wakiitana chéri na chérie, na gauni lile lilining'inia nyuma ya mlango wa butiki. Halikukodishwa tena.

Wateja wa Joëlle, mabinti wa mtaa wa Ruashi na kwingineko, walimpata kwa kuuliza Google gauni la harusi Lubumbashi. Jina lake lilitoka la kwanza. Mei iliyofuata Guelor, kwa mapenzi tu, akaihamishia tovuti ya butiki kwenye kampuni nyingine yenye mitambo ya kasi zaidi.

"Google haitanipoteza?"

"Chérie, site inahama nyumba, jina inabakia. Google itakufwata kule."

Juni ikafika, msimu wa harusi. Simu ya butiki ikanyamaza.

"Guelor, hakuna hata muntu moja. Tazama site."

"Natazama. Inafunguka mbio! Labda bantu bameacha kuoana."

Alicheka. Joëlle hakucheka. Julai ikawa vilevile, jibu likawa lilelile, mpaka akaamini kwamba magauni yake ndiyo mabaya na mkono wake una mkosi. Namlaumu Guelor kabisa. Yeye aliandika anwani nzima ya tovuti kila mara, hakuwahi hata siku moja kuuliza Google kama mabinti wanavyouliza.

Agosti akaingia binti mmoja, Kiki, aliyeiona butiki akipita tu.

"Maman Joëlle, nalikutafuta ku Google mpaka nalichoka. Hauko."

Joëlle alimpigia Guelor papo hapo. Guelor akatafuta, ukurasa wa kwanza, wa tano, wa kumi. Kisha akaiona alama ndogo aliyoiweka wakati wa majaribio ya kuihamisha tovuti, ya kuizuia Google isiingie. Alisahau kuiondoa miezi mitatu nzima.

"Ni mimi, Joëlle. Nalifunga mulango, nikasahau kufungula. Nimeshafungula. Itarudia, lakini polepole."

"Nalikuwa nakuuliza kila siku."

"Mupenzi wangu..."

"Nalilia juu ya robe zangu, Guelor. Nalizichukia. Na wewe ulikuwa unacheka."

Joëlle aliyauza magauni, akafunga butiki, akaenda Pweto kwa dada yake kuuza samaki wakavu. Guelor aliachiwa mfuko mlangoni kwake. Ndani mlikuwa na laini ya simu ya butiki, na lile gauni moja. Namba ya Joëlle mwenyewe haikupatikana tena.

Novemba jina la Joëlle likarudi la kwanza. Asubuhi moja laini ya butiki ililia mara tano.

"Allô, ni kwa Joëlle, kwa robe za mariage?"

"Ndiyo," Guelor akajibu.

"Ziko?"

Guelor alitazama nyuma ya mlango wake.

"Iko moja tu. Lakini haiko ya location."

"Ah! Basi tupatie mwenyewe, tuongee naye."

"Alihama, mama," Guelor akasema. "Hata mimi namutafutaka."