Mutindi Alisema Amekula

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Mutindi hukimbia njia za vilima vya Kilungu hadi barabara kuu na kurudi. Ana miaka kumi na sita, na ameshawakilisha kaunti yetu katika mbio za mita elfu tano. Mwaka huu Kocha Kanyiva alisema kwamba wanaotaka kuingia kambi ya mazoezi lazima kwanza wapimwe pumzi katika chuo kimoja huko Kitui.

Kocha alitueleza vizuri. Unakimbia juu ya mkanda unaozunguka, umevaa barakoa yenye mpira unaoingia kwenye mashine. Mwendo unaongezwa polepole hadi uishiwe nguvu kabisa. Hapo mashine inaonyesha mwili wako unaweza kutumia oksijeni kiasi gani kwa dakika. Wakimbiaji hodari hutumia nyingi. Kaka yake, Mulinge, alisema dada atafungwa mdomo kama ng'ombe wa palizi, asije akala mahindi ya watu.

Mutindi hakucheka. Aliitaka kambi hiyo kuliko kitu chochote. Yeye na Yvonne, rafiki yake wa kanisani, walikubaliana kisiri wafunge na kuomba ili apate pumzi. Hakuna mtu mzima aliyewaambia wafanye hivyo. Mimi nilipakua chakula, nikaona sahani yake iko tupu, nikaridhika. Kumbe chakula alikuwa anamsukumia Mulinge, na huyo anakula bila kuuliza.

Tulipofika chuoni pamoja na kocha, mpimaji, Bwana Nthiwa, alimuuliza amekula nini. Akajibu asubuhi chai na viazi vitamu, na jana usiku muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Hata mimi niliitikia, maana nilipika mwenyewe. Akavalishwa barakoa, akakalishwa apimwe kwanza akiwa ametulia.

Bwana Nthiwa alitazama kompyuta kwa muda. Akakagua mpira, akapima tena. Kisha akamvua barakoa, akavuta kiti karibu.

"Msichana wangu, mtu aliyekula viazi asubuhi hatoi hewa namna hii. Mwili wako unachoma mafuta yake wenyewe. Hujala tangu lini?"

"Nimekula."

"Sikugombezi. Nauliza tu."

Mutindi akanigeukia mimi. "Tangu juzi, mama. Nilikuwa nimefunga."

Nilikaa chini. Nilikuwa nimemwona akipanda mlima jana yake, na jua lile.

Bwana Nthiwa alisema leo hampimi. Mutindi alilia, akaomba ajaribu tu, kwa sababu Ijumaa kocha anapeleka majina ya kambi, na asiyepimwa haingii.

"Ningeongeza mwendo nikiamini neno lako," akamwambia. "Ungezimia huko juu mkanda ukienda mbio. Mama yako angenidai nini?"

Kocha Kanyiva alimsihi, na mwisho Bwana Nthiwa akatupa nafasi Alhamisi asubuhi, mradi Mutindi ale na alale. Tulikaa kwa dada yangu Kitui mjini, na Mutindi akala mbele ya macho yangu, kwanza uji, kisha chakula kizito.

Alhamisi alipoulizwa, alisema yote, hata kwamba uji wa asubuhi hakuumaliza. Alikimbia hadi akainua mkono kwamba basi, akateremka. Kocha alisoma matokeo, akasema nafasi ya kambi ameipata.

Alipokuwa akijifuta jasho, Bwana Nthiwa alikaa karibu naye. "Kufunga ni kati yako na Mungu, ingawa mtoto anayekua amwambie mzazi kwanza," alisema. "Kosa lako ni kunificha. Nikikuuliza habari za mwili wako, sitafuti kukuhukumu. Nataka nijue nianzie wapi nisikuumize."

Ninyi watoto mnaosoma haya, mkiulizwa na daktari, kocha au mwalimu mmekula nini au mnaumwa wapi, semeni ilivyo. Na mkiwa mnafunga, mwambieni mama. Sahani tupu mimi siiamini tena.