Jogoo Aliyekula Kura Yangu

Mwaka 1948 nilimpigia kura mtu nisiyemtaka, na sikujua mpaka kesho yake.

Hapa Alabama alama ya chama chetu ni jogoo. Babu alichagua jogoo, baba akachagua jogoo. Mimi nilitaka Rais, naye wa chama hicho hicho, aendelee. Nikatia alama penye jogoo, nikarudi kuchimba viazi vitamu.

Tena nilikuwa nimewekeana dau na jirani yangu Cleve. Rais akishindwa Alabama, nitamsukuma Cleve kwenye toroli mpaka mahakamani, maili mbili. Akishinda, Cleve atanisukuma mimi. Cleve ana uzito wa ndama.

Asubuhi redio ikasema Rais ameshinda. Nikatoka mbio. Nikamkuta Cleve ameshakaa kwenye toroli langu, anakula karanga za kuchemsha.

"Shuka, bwana! Rais ameshinda!"

"Ameshinda huko kwingine. Hapa Alabama kapata sifuri."

"Sifuri? Na yangu iko wapi?"

"Kamuulize Bi Ouida mahakamani. Twende, sukuma."

Nikasukuma. Kila kilima ananitupia maganda.

Bi Ouida, karani wa mahakama anayeshughulikia pia karatasi za kura, alikuwa amesimama mlangoni.

"Hoyt, ile karatasi uliisoma?"

"Niliona jogoo."

"Chini ya jogoo kulikuwa na majina kumi na moja. Hao ni wajumbe. Wao ndio wanaokwenda kumchagua Rais kwa niaba yetu. Wote walikuwa wamemkasirikia Rais, wakaahidi kumchagua mpinzani wake, gavana wa South Carolina. Rais hakuwa na mjumbe hata mmoja kwenye karatasi ile."

"Mbona hamkusema?"

"Karatasi ya mfano tuliibandika mlango huu huu. Uliiegemea ukipiga soga."

Cleve akawika mle torolini. "Jogoo wa shamba hawiki mjini, ndugu yangu!"

Mwaka 1952 nilisimama pale mlangoni na miwani, nikaisoma karatasi ya mfano jina moja moja kwa kidole. Cleve akaja nyuma yangu. "Na huyu ameahidi kumchagua nani?" Nikamweleza. Mtu wangu alishindwa nchini, lakini Alabama alishinda, na kura yangu ilikuwemo.

Ile ya 1948 ilinigharimu hivi: maili mbili, malengelenge matano, soli moja ya kiatu, na kura moja.