Aliyeitikia Jina la Bibi Lidwina

Jumamosi hiyo nilikuwa napukuchua mahindi uani kwetu Matogoro, saa nne asubuhi, mwanangu Dorine akinipigia soga zisizo na kituo. Ana miaka sita, na mdomo wake ulikuwa haupumziki. Shangazi akaja kusema Bibi Lidwina, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anatuita kitandani kwake.

Bibi huyu ni dada wa marehemu babu yangu. Kabla ya Uhuru aliacha kwaya ya parokia, akaenda Dar es Salaam kuimba kwenye bendi ya dansi. Alitoa santuri tatu. Wanaume waligombana kwa ajili yake. Lakini wanawe watatu walianza kuongea vizuri, kisha mmoja baada ya mwingine wakawa mabubu. Watu walisema kila santuri ilitoka na sauti ya mtoto mmoja. Mimi niliuita umbea.

Kwetu jina hurithiwa mwenyewe akishafariki, siku ya kuondoa tanga. Bibi alitaka Dorine alichukue mapema, ili yeye Bibi ashuhudie kwa macho yake. Shangazi alininong'oneza nisikubali. Mimi nikaona sifa. Jina la mwimbaji, jamani, nani angelikataa? Nikamsogeza mtoto. Bibi akamgusa koo kwa vidole viwili.

"Lidwina," akamwita.

"Abee," mwanangu akaitika.

Hakusema tena.

Hospitali walimpima koo, wakasema mzima. Bibi, aliyekuwa amekaukiwa sauti ya kuimba miaka ishirini, akaanza kuimba. Majirani walikuja kumpigia makofi. Aliimba siku tisa. Ya kumi akafa. Nilifurahi, sifichi. Nilidhani sauti ya mwanangu itarudi. Tukazika. Tukaondoa tanga. Dorine kimya.

Wiki iliyopita redio ya hapa mjini ilipiga wimbo wa zamani wa Bibi kumkumbuka. Nilikuwa nafua. Siku hizi silii, sijui machozi yamekwenda wapi. Baada ya ubeti wa pili gitaa lilitulia. Sauti ya mtoto ikasema, taratibu:

"Mama, nifungulie."

Ilikuwa ya Dorine. Dorine mwenyewe alikuwa mbele yangu, anaanika soksi.

Nilimpigia simu mtangazaji, Kajetani. Akaniambia santuri hiyo ni ya mwaka hamsini na tisa, na huyo mtoto yumo tangu ilipotoka. Wasikilizaji wanampenda sana, akasema.

Nikamwomba aupige tena.