Unga wa Dango

Kila siku akitoka shule, Noela hufagia uwanja wa nyumbani kwao Nyahanga, huchota maji, kisha hukimbilia kucheza rede. Ijumaa ile aliongezewa kazi. Alipewa mchele autwange, kwa kuwa kundi lake lingepika dango Siku ya Wazazi. Hivyo ni vidonge vya unga wa mchele, alivyowafundisha Mwalimu Mayumi, mgeni wao kutoka Japani.

Noela alitwanga kidogo tu, mikono ikamuuma, na wenzake walikuwa wanamwita. Akajazia sembe ya mama yake. "Unga wote mweupe, nani atajua?" alijisemea. Mvivu haishiwi maneno.

Asubuhi yake, Mwalimu Mayumi aliwaeleza aina za dango. Kuna za rangi tatu kwenye kijiti kimoja: nyeupe, ya kijani kwa maji ya mchicha, na nyekundu kwa maua ya choya. Kuna za kuchoma na kumwagia mchuzi wa soya na sukari, na za kupaka maharage matamu yaliyopondwa. Watoto wakameza mate.

Samia, rafiki wa Noela, akakanda unga. Walipotumbukiza dango kwenye maji ya moto, zote zikasambaratika, sufuria ikawa uji.

"Samia, umezidisha maji!" wenzake wakamjia juu. Samia akaangua kilio. Wazazi wangefika saa nane!

Noela angeweza kunyamaza, lakini machozi ya rafiki yake yalimchoma.

"Mwalimu, si Samia. Ni mimi. Nilichanganya sembe niwahi kucheza."

Mwalimu akatazama saa. "Ni saa tatu tu. Mchele mwingine upo. Loweka, kisha utwange."

Noela alitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Samia akachukua mchi wa pili. "Sogea, mvivu wewe," alimtania, wakatwanga kwa kupokezana.

Saa nane dango zilielea juu ya maji, nzima na laini. Wazazi walikula, wakaomba nyingine.

Mama Noela alipoelezwa yote, akamshika mwanawe mikono.

"Kazi uliyoikimbia jana umeifanya leo kwa maumivu, na mwenzako amelia kwa kosa lako. Ila ulisema kweli wakati hakuna aliyekushuku. Mwanangu, hapo ndipo uliponifurahisha."