Diski Iliyotafuta Nyumba

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kwa fundi kutafuta diski. Nilitoka nimenuna. Seva niliyokuwa naiunda nyumbani, kompyuta ya kuhifadhia mafaili yetu, ilikuwa imeshanitoa roho. Pawasaplai, kile kisanduku cha umeme, ilifuka moshi siku ya kwanza, feni zikakwama, na kila kifaa nilichouziwa kama kipya kilikuwa mtumba uliopanguswa vumbi. Sasa diski moja kati ya mbili ilikuwa inakufa.

Tka... tka... tka...

Iliyobaki ndiyo iliyobeba sauti za marehemu mama. Alijirekodi kwenye simu akiwa kitandani, akimtania mdogo wangu na kunikaripia mimi. Simu nayo ilishaharibika, kwa hiyo hapakuwa na nakala nyingine. Mdogo wangu halali bila kumsikia mama, na nilimwahidi kwamba sauti zile zitakaa kwenye diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki.

Duka la fundi lilikuwa limefungwa. Barazani alikaa mama mmoja nisiyemjua, amepakata kitu kwenye kitambaa cheusi.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alifunua kitambaa. Ndani kulikuwa na diski.

"Chukua," alinong'ona.

"Bei gani?"

"Sitaki hela. Nataka ikae kwenye nyumba yenye watu."

Mwenye akili zake angetimua mbio. Mimi nilikuwa nimechoka kutapeliwa, na cha bure nilikiona bahati. Niliipokea. Ilikuwa ya baridi, inanuka udongo uliotoka kulowa, na mvua haikuwa imenyesha.

Nyumbani niliichomeka. Kompyuta ikauliza ipi inakiliwe kwenda ipi. Nilisoma, nikarudia kusoma, nikachagua ya mama itoe na ile ngeni ipokee. Nina hakika. Mpaka leo nina hakika.

Feni zote zikanyamaza. Harufu ya udongo ikajaa chumbani. Diski ngeni ikaanza kuzunguka, polepole...

Kazi ilipokwisha nikafungua rekodi moja. Jina lake lile lile, tarehe ile ile.

Kimya...

Mtu akavuta pumzi.

Kisha mwanamke akacheka. Hakuwa mama.

Nikafungua nyingine, na nyingine. Yalikuwa maneno ya mama yote, utani wake wote, kwa koo la mtu mwingine. Nikachomoa ile diski ngeni, nikawasha ya mama peke yake.

Yule yule.

Kesho yake nilimpelekea fundi diski zote mbili. Alinicheka kidogo.

"Umenakili kinyume, kaka. Ngeni imefuta yako. Mbona linawakuta wengi hilo."

"Na maneno ya mama yangu ameyajuaje huyu mwanamke wa kwenye rekodi?"

Fundi akaacha kucheka. Nikamweleza habari za yule mama wa barazani. Alinirudishia diski akizishika kwa ncha za vidole.

"Jana sikufunga duka," akasema taratibu. "Nilikuwepo mpaka usiku. Usizilete tena hapa."

Nilirudi nyumbani nina uchungu wa kutosha kuvunja kitu. Mama alikuwa amenifia mara ya pili, safari hii kwa sababu ya vyuma chakavu na ubahili wangu. Niliirudisha diski yake kwenye seva, nikamwita mdogo wangu nimwonyeshe hasara yetu. Alisikiliza. Akatabasamu, machozi yakimtoka.

"Huyu si mama," nikamwambia.

"Kaka, una nini wewe?"

"Sikiliza vizuri!"

"Namsikiliza kila siku! Ni mama huyu. Umeshamsahau?"

Nikafumba macho niitafute sauti ya kweli kichwani, japo neno moja, nimwigizie aone tofauti. Nilitafuta... Mama akinifokea. Mama akiimba jikoni. Midomo yake niliiona ikicheza, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya yule mwanamke.

Kwenye spika akaniita, kwa jina langu la utotoni.

"Naam, mama," nikaitika.